Siku Saba za Kwanza Istanbul: Mwongozo wa Mwanafunzi Anayetoka Kwetu

Barua ya udahili imefika, tiketi imekatwa, na mama ameshaanza kukufungia pilipili manga kwenye vifuko vya plastiki kana kwamba Uturuki hawajawahi kuiona. Mwongozo huu unahusu wiki moja tu: tangu unaposhuka kwenye ndege Istanbul mpaka Jumapili yako ya kwanza. Habari za masomo utazipata chuoni.

Wengi wetu tukifika hufanya kosa lile lile. Tunajifungia bwenini tukisubiri karatasi zikamilike ndipo tutoke kuuona mji. Karatasi za Istanbul hazikamiliki kwa wiki moja, na ukizisubiri utaujua mji kupitia dirishani. Toka tangu siku ya kwanza, ila toka kwa mpango. Mji una watu zaidi ya milioni 15 na wilaya 39, na umekaa pande mbili za mlango wa bahari wanaouita Boğaz, upande mmoja Ulaya na wa pili Asia. Kuumaliza huwezi. Unachoweza ndani ya siku saba ni kuzijua njia tatu: ya chuo, ya chakula na ya maji. Mengine yatajipachika kwenye hizo.

Kabla hujafunga begi

Chaja zetu ni za pini tatu bapa; soketi za Uturuki ni za matundu mawili ya mviringo. Nunua adapta moja tu, halafu beba ekstensheni ya nyumbani. Adapta ikiingia ukutani, ekstensheni inakupa nafasi nne, na mwenzako wa chumbani kutoka Kampala atakuheshimu kuanzia usiku huo.

La simu ni la pesa, lisome mara mbili. Simu iliyonunuliwa nje ya Uturuki ukiitia laini ya kule inafanya kazi kwa siku 120. Zikiisha hujaisajili, inakatwa kwenye mitandao ya simu ya Kituruki. Itabaki kushika Wi-Fi tu. Ada ya kusajili ni makumi ya maelfu ya lira na hupandishwa kila mwaka unapoanza, na kwa simu nyingi tunazotumia sisi ada hiyo inaizidi bei ya simu yenyewe. Kwa hiyo usikope ili uende na simu mpya. Nenda na uliyo nayo, pesa ya simu itunze, na kabla siku 120 hazijaisha nunua simu ya kule kule, hata iliyotumika, ya kupokelea ujumbe wa benki na wa ofisi za serikali. Ile ya nyumbani iache iishi kwa Wi-Fi.

Weka kanga. Dada ataihitaji kuingilia msikitini, na kaka atajua matumizi yake siku ambayo taulo halijakauka. Weka na mwiko. Sababu ya mwiko nitaieleza Jumapili.

Saa hutaibadilisha. Uturuki iliacha kusogeza saa mwaka 2016, na tangu hapo saa yao ni sawa na ya Dar es Salaam na Nairobi mwaka mzima. Ukimpigia mama saa mbili usiku, na kwake ni saa mbili usiku. Jua tu ndilo halifuati makubaliano hayo: Desemba linachomoza saa mbili na dakika ishirini hivi asubuhi, na utakwenda darasani gizani kama mtoto wa shule anayewahi namba.

Siku ya kwanza: uwanjani mpaka kitandani

Soma tiketi ujue unashukia wapi, maana viwanja ni viwili. Uwanja wa Istanbul uko upande wa Ulaya, mbali na katikati ya mji; Sabiha Gökçen uko upande wa Asia. Mtu anayekupokea akienda kiwanja kisicho chako, mnakuwa na nusu siku katikati yenu.

Kutoka uwanja wa Istanbul kuna mabasi ya Havaist yanayokwenda sehemu mbalimbali za mji, na kuna treni ya M11 mpaka Gayrettepe, ambako unabadilisha na kupanda M2 ya kwenda Taksim. Kutoka Sabiha Gökçen kuna M4 inayofika Kadıköy. Treni haina foleni, lakini kama una mabegi mawili ya kilo 23 nashauri basi: mabegi yanalala chini ya basi nawe unakaa. Teksi nyingi ni za njano. Ukipanda, angalia mita imewashwa, na mwonyeshe dereva anwani iliyoandikwa kwa Kituruki kwenye karatasi. Karatasi, si simu, kwa sababu simu itazimika pale pale unapoihitaji.

Uwanjani badilisha dola chache tu, za nauli na chakula cha siku mbili. Maduka ya kubadilishia pesa mjini, yameandikwa *döviz*, yana bei nzuri zaidi. Laini nayo usinunue uwanjani. Wanachouza pale ni vifurushi vya watalii.

Ukishatua mizigo bwenini, tembea mpaka mgahawa wa karibu uagize *mercimek çorbası*. Ni supu ya dengu nyekundu, inakuja na kipande cha limau na kikapu cha mkate ambao haulipiwi. Kamulia limau, kula mkate wote, rudi ulale. Siku ya kwanza haina kazi nyingine.

Siku ya pili: laini na kadi

Chukua pasipoti uende duka la kampuni ya simu mjini. Kampuni ni tatu: Turkcell, Vodafone na Türk Telekom. Uliza bando la mwezi, lipa, na uandike mahali tarehe hiyo. Siku 120 zimeanza kuhesabika.

Kisha kadi. Istanbulkart ndiyo inayokupandisha basi, treni, tramu na feri, karibu kila kitu. Inauzwa kwenye mashine vituoni. Mashine hizo hazina desturi ya chenji: noti utakayoingiza yote inaingia kwenye kadi, kwa hiyo usiingize noti kubwa ukitegemea kurudishiwa. Nauli hapa sitaandika, kwa kuwa lira haikai mahali pamoja na namba yangu itakuwa ya uongo kabla hujafika. Kadi hii ya kwanza ni ya muda. Chuo kikishakupa *öğrenci belgesi*, cheti cha kuonyesha u mwanafunzi, omba kadi ya mwanafunzi yenye picha yako. Nauli yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya kawaida, na kila wiki unayochelewa kuiomba unalipa kama mtu mwenye mshahara.

Kuna siri moja ambayo ilinichukua mwezi mzima kuigundua. Kwenye metrobüs, ambayo ni mwendokasi wao tangu 2007, na kwenye Marmaray, ile treni inayopita chini ya bahari tangu 2013, nauli inategemea umbali, lakini ukiingia unakatwa ya safari ndefu kabisa. Ukishuka, karibu na mlango wa kutokea kuna vimashine vimeandikwa *iade*. Unagusisha kadi, sehemu ya pesa inarudi. Mimi nilikuwa nawaona watu wanasimama kugusisha kadi, nikadhani wanaangalia salio. Nilipita pembeni yao kila siku, asubuhi na jioni, najiona mjanja asiyepoteza muda.

Siku ya tatu: njia ya chuo, mara mbili

Hata kama chuo hakijafunguliwa, nenda. Ondoka saa ile ile utakayokuwa ukiondoka masomo yakianza, na uhesabu dakika. Rudi kwa njia nyingine. Sababu ya njia mbili ni kwamba Istanbul ina foleni isiyo na adabu, na upepo wa kusi wao, *lodos*, ukivuma sana feri zinasimama. Watu wa pwani watalielewa hili bila maelezo. Mwenzake wa kaskazini-mashariki anaitwa *poyraz*, na ndiye anayeleta baridi.

Usiiamini ramani ya simu kwa umbali mfupi. Inakwambia mita 600, haikwambii kwamba 400 kati ya hizo ni ngazi. Neno *yokuş* likiwa kwenye jina la mtaa maana yake ni mlima, jipange.

Baadhi ya njia hazina treni wala basi la kadi, zina *dolmuş*. Hapa mtoto wa daladala na matatu yuko nyumbani. Neno lenyewe maana yake ni "imejaa", na gari halitoki mpaka lijae. Konda hakuna. Unakaa, unampa aliye mbele yako pesa na kumtajia uendako, naye anampa wa mbele yake, mpaka inamfikia dereva, ambaye anaendesha kwa mkono mmoja huku wa pili unahesabu chenji. Chenji inarudi kwa njia ile ile, kiganja kwa kiganja, na sijawahi kuona hata sarafu moja ikipotelea njiani. Mara ya kwanza nilipewa noti na mama mmoja nyuma yangu nikadhani ananisaidia. Nikamshukuru, nikaitia mfukoni. Gari zima lilinigeukia. Mama yule alicheka mpaka akavua miwani.

Ukiwa mwanafunzi sema *bir öğrenci* unapotoa pesa. Ukitaka kushuka, pale ambapo Dar ungesema "shusha!", sema *inecek var*: kuna anayeshuka. Paza sauti. Ukinong'ona kwa heshima, utapelekwa mpaka mwisho wa safari.

Kabla hatujaendelea: lugha unayo nusu

Wengi wanaokwenda kwa udhamini wa Türkiye Bursları huanza na mwaka mmoja wa Kituruki. Watu watakutisha kwamba ni kigumu, na sarufi kweli ina vituko. Lakini hebu sikiliza maneno haya: *kitap*, *kalem*, *saat*, *dakika*, *hesap*, *sabun*, *dünya*, *asker*. Hukuhitaji kamusi. Wao na sisi tulikopa kwenye duka moja, la Waarabu, na deni linafanana. *Misafir* ni mgeni, na msafiri akifika si ndiye mgeni? *Ziyaret* ni ziara, *Cuma* ni Ijumaa.

Moja litakushangaza. Wao wakisalimiana husema *merhaba*. Siku za kwanza utahisi kila muuza duka anakuitikia "marahaba" kabla hujamwamkia. Mwitikie hivyo hivyo, *merhaba*, na uuzoee utovu huo. Vijana wao husema *naber?*, ambayo ni *ne haber* iliyokunjwa, yaani habari gani.

Na si maneno pekee. Kuna mambo ambayo mwenzako aliyesomea Uingereza au Marekani hana namna ya kuyasema, wewe utakuwa nayo. Ukimpita mtu anafanya kazi, fundi, mfagiaji, karani aliyezungukwa na mafaili, unamwambia *kolay gelsin*, kazi ikuwie nyepesi. Ndiyo "pole na kazi" yetu. Aliyeugua au kupatwa na jambo anaambiwa *geçmiş olsun*, kwa maana ya pole. Anayekula anaambiwa *afiyet olsun*, na neno afya unalisikia humo ndani. Watu hawaitwi kwa majina makavu: dereva na muuza duka ni *abi*, kaka; dada wa kaunta ni *abla*; mama wa makamo ni *teyze*, mzee ni *amca*. Chuoni kila mtu ni *hocam*, mwalimu wangu, kuanzia profesa mpaka mwanafunzi mwenzako anayekuazima kalamu, kama vile vijana wetu wanavyoitana "mkuu". Jifunze haya kumi kabla ya vitenzi. Yamenifungulia madirisha ya ofisi ambayo vitenzi havikuyafungua.

Uangalifu mmoja tu, nao ni wa saa. Karani aliniambia niende *saat üçte*. Üç ni tatu, hilo nilishalijua, na nilijivunia kulijua. Nikafika saa tatu kamili asubuhi, nimechana nywele, karatasi mkononi. Alimaanisha saa tisa alasiri. Wao wanahesabu kama Waingereza, na ubongo wa Mswahili ukilisikia "saat" unaamini uko Tanga. Nilikaa kwenye benchi la ukumbi ule saa sita. Aliyefika kufagia aliniletea chai mara mbili.

Siku ya nne: karatasi

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chako ndiyo yenye utaratibu wa mwaka huo, na utaratibu hubadilika. Lakini jua haya.

Kibali cha ukaaji kinaitwa *ikamet*, na maombi yake yanatakiwa kuingizwa kabla viza yako haijaisha. Ukipata, utapewa namba ya utambulisho ya mgeni inayoanza na 99. Namba hiyo utaitaja mara nyingi kuliko jina lako, ishike kichwani. Kisha makazi yako yanasajiliwa *nüfus*, ofisi ya uandikishaji wa watu, ndani ya siku 20 za kazi. Bima ya afya ya serikali, SGK, kwa mwanafunzi anayejilipia ina dirisha la miezi mitatu tangu kujisajili chuoni. Dirisha hilo likifungwa limefungwa, na bima yako ya bei nafuu imekwenda.

Kama hukai bwenini, usisaini mkataba wa chumba kabla ya kuuliza swali moja: mtaa huu uko wazi kwa usajili wa wageni? Mwaka 2022 serikali ilifunga mitaa 1,169 nchini kote isipokee usajili mpya wa makazi ya wageni, na sehemu za Fatih na Esenyurt hapa Istanbul ndizo zinazotajwa sana. Chumba cha bei nzuri mahali ambapo huwezi kusajiliwa ni chumba ghali.

Picha za nyumbani acha. Wanataka za *biyometrik*, sentimita 5 kwa 6, piga hapo hapo nane au kumi kwa mkupuo, zitakwisha. Nakala za pasipoti vilevile.

Tembea na pasipoti, na baadaye kadi ya ikamet, yenyewe halisi. Polisi husimamisha wageni na kuomba kitambulisho, hasa maeneo kama Aksaray na Taksim, na sisi tunaonekana wageni kutoka mbali. Toa, subiri, chukua, ondoka. Namba ya dharura ya kila kitu ni 112. Balozi za Tanzania na Kenya ziko Ankara, si Istanbul. Namba zao ziandike kwenye daftari.

Siku hii hii, ukirudi, zunguka karibu na bweni utafute bango la kijani lililoandikwa *toplanma alanı*. Ni mahali pa kukusanyika likitokea tetemeko. Istanbul iko karibu na ufa mkubwa wa ardhi, na tetemeko la Agosti 1999 upande wa İzmit linakumbukwa na kila mtu aliye na umri wa kulikumbuka. Dakika tano za kulitafuta bango zinatosha.

Siku ya tano: vuka maji

Hii ndiyo siku niliyokuwa naingoja kukuandikia.

Nenda Eminönü, upande wa Ulaya, alasiri. Daraja la Galata utaliona kwa wavuvi wake, wamejipanga kwenye ukingo bega kwa bega na mishipi imening'inia majini, ndoo za samaki wadogo miguuni. Tafuta gati ya feri za kwenda Kadıköy, upande wa Asia, gusisha kadi, panda. Ni feri kama pantoni ya Kigamboni au ya Likoni, isipokuwa ina viti, ina ghorofa, na hakuna anayekimbia na mkokoteni. Nenda juu, nje.

Safari ni dakika ishirini na ushee. Mtu atapita na sinia la chai kwenye vikombe vya kioo vyembamba kiunoni, visivyo na mkono wa kushikia. Kishike ukingoni kwa vidole viwili, chini kunachoma. Nunua na *simit*, mkate wa duara wenye ufuta, kabla hujapanda. Shakwe wataifuata feri karibu kiasi cha kuona macho yao, na watoto watawarushia vipande. Kulia kwako utaona makasri ya Topkapı na kuba la Ayasofya linarudi nyuma. Jengo hilo lilikamilika mwaka 537. Limekuwa kanisa, likawa msikiti, likawa makumbusho, na tangu 2020 ni msikiti tena. Kushoto ni Asia inakuja, na kabla tu ya gati kuna Haydarpaşa, stesheni ya zamani ya reli iliyosimama ukingoni mwa maji kama meli iliyokataa kuondoka.

Kadıköy usiwe na ratiba. Zunguka mitaa ya soko la samaki, pita maduka ya viungo, kaa kwenye mawe ya ufukwe wa Moda. Kinachohitaji ratiba ni kurudi. Panda feri ya kurudi Ulaya jua linapokaribia kuzama, ambalo mwishoni mwa Septemba ni kwenye saa moja kasoro jioni. Kaa mbele. Minara ya misikiti itageuka myeusi mbele ya mwanga, adhana itaanza upande mmoja na kudakwa upande wa pili, na utakuwa umetumia nauli ya feri tu.

Nina rafiki aliyekaa mwaka mzima akivuka kwa Marmaray chini ya ardhi, kwa sababu Sirkeci mpaka Üsküdar ni dakika nne tu. Aliwahi kila mahali. Mwaka wa pili ndipo alipopanda feri kwa bahati, treni ilipoharibika, na alinipigia simu kana kwamba amehamia mji mwingine.

Siku ya sita: potea, lakini ule kwanza

Chagua msikiti wa Süleymaniye kama mwanzo wako. Mjenzi wake, Mimar Sinan, aliukamilisha mwaka 1557, kuingia ni bure, na uwanja wake wa nyuma unatazama Haliç, ghuba inayoingia ndani ya mji, yote. Viatu mkononi, kanga kichwani kwa dada, na usiingie kutembea wakati wa swala kama husali. Kwa Mkristo, kanisa la Mtakatifu Antonio kwenye mtaa wa İstiklal lina misa ya Kiingereza ambako utawakuta Waafrika wengi.

Ukitoka Süleymaniye, ng'ambo ya ukuta wa msikiti kuna safu ya migahawa midogo. Chakula chao maarufu ni *kuru fasulye* na *pilav*. Kaa, agiza, usubiri sahani, kisha uitazame vizuri: ni wali maharage. Wali umepikwa kwa siagi, maharage ni meupe na yameiva kwa nyanya, pembeni kuna achari ya pilipili. Umeruka saa saba angani ukaletewa chakula cha mama ntilie, na watalii wanapanga foleni kukila.

Kwa siku za kawaida, bei nafuu kuliko zote ni ya mgahawa wa chuo, *yemekhane*. Manispaa nayo ina migahawa ya Kent Lokantası, iliyoanza 2022, yenye mlo kamili kwa bei ya chini, na ina vibanda vya Halk Ekmek vya mkate. Maduka ya BİM, A101 na ŞOK yako kila kona. Sabuni na mchele nunua huko.

Sasa potea. Shuka kutoka Süleymaniye bila ramani, ukifuata mteremko. Mteremko wowote hapo mwishowe unakupeleka majini, na ukifika majini unajua ulipo. Njiani ukiona mpiga rangi viatu amedondosha brashi mbele yako, iache. Ukiiokota atakushukuru kwa kukupigia viatu, halafu atataja bei. Na Taksim usiku, mwanamume mkarimu usiyemjua anayekualika kinywaji kwenye baa ya rafiki yake, mwambie unaamka mapema.

Utatazamwa. Ataulizwa kila mmoja wetu *nerelisin?*, wa wapi wewe, na ukijibu *Tanzanya* au *Kenya* wengine watataja mpira, wengine simba. Wapo watakaotaka kupiga picha nawe, na wapo watakaoshika nywele bila kuomba. Kukataa kunaruhusiwa, *hayır* inatosha, bila tabasamu la ziada. Utasikia na neno *zenci* likitumika kwa mtu mweusi. Wengi wanalisema kama wanavyosema mrefu au mfupi, lakini nawe si lazima ulipende.

Siku ya saba: soko, na mwiko

Soko la mtaani linaitwa *pazar*, na kila mtaa una siku yake. La Kadıköy linajulikana kwa jina la Jumanne, *Salı Pazarı*. La Fatih kwa la Jumatano, *Çarşamba*. Uliza la mtaani kwako ni lini. Nenda jioni wanapokaribia kufunga, bei inashuka na nyanya zinauzwa kwa kilo mbili mbili. Spinachi itakuwa mchicha wako. *Pazı* inakaribia sukuma wiki, ukiikata nyembamba na kufumba macho kidogo.

Ukipita Laleli au Osmanbey, sikiliza. Wafanyabiashara wa Kariakoo na wa Eastleigh huja kufunga mizigo ya nguo huko, na mara nyingi utasikia Kiswahili kinapatana bei kabla hujamwona mwenye nacho. Amkia. Anayerudi nyumbani Alhamisi anaweza kubeba kifurushi chako, na anayekuja mwezi ujao anaweza kukuletea sembe.

Maana sembe ndiyo hutaipata madukani. Kuna *mısır unu*, unga wa mahindi wa watu wa Bahari Nyeusi, ni wa njano na una utamu fulani. Ugali wake unaliwa, ila unauambia moyo ni mkate. Wengi wetu tunaishia kwenye *irmik*, semolina ya ngano. Maji yachemke kwanza, tia kidogo kidogo kwa sababu inavimba kuliko unavyofikiri, na funika dakika tatu kabla ya kusonga. Vijiko vya mbao vya kule ni vyembamba, vimetengenezwa kwa supu. Mimi nilivunja viwili wiki moja, cha pili kikaruka mpaka kwenye kitanda cha Mkazakhi tuliyekuwa naye chumba kimoja. Ndiyo maana nikakwambia ubebe mwiko.